Mwongozo wa kuchagua kituo cha kupanda farasi na kukodi farasi Dar es Salaam

Kila likizo za shule zinapokaribia, maswali yale yale hunirudia kutoka kwa wazazi na watu wazima wanaotaka kuanza kupanda farasi hapa Dar es Salaam: kituo kipi ni kizuri, mtoto aanze akiwa na umri gani, na je, si nafuu kukodi farasi kwa mwezi kuliko kulipia somo mojamoja? Swali la kwanza silijibu kwa kutaja jina, kwa sababu kituo hubadilika mwalimu mmoja anapoondoka au farasi wawili wanapozeeka. Ninachoweza kukupa ni namna ya kukikagua mwenyewe, na jambo moja litakalojirudia humu: mtazame farasi kabla ya kumsikiliza mwenye farasi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Helmeti ya kupandia farasi. Helmeti ya bodaboda haifai, kwa kuwa ni nzito, huziba masikio na haikutengenezwa kwa aina hii ya kuanguka. Ya baiskeli nayo haitoshi, kwani haikingi vya kutosha nyuma ya kichwa. Ndani ya helmeti halisi utakuta alama ya kiwango, kama vile EN 1384, PAS 015 au ASTM F1163. Kituo kikikuazima, uliza kama imewahi kuanguka na mtu, kwa maana helmeti iliyopigwa mara moja huwa imekwisha kazi hata kama haina ufa unaoonekana.
- Viatu vya kufunika kifundo cha mguu, vyenye soli laini na kisigino cha sentimita 2 hivi, ili mguu usipenye kwenye kikuku, yaani chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, na kunaswa. Raba za michezo hazina kisigino, na gambuti zina soli yenye makunyanzi makubwa inayokwama.
- Suruali ndefu isiyopwaya. Anayevaa hijabu achague ushungi mwembamba wa kubana, usio na pini wala ncha zinazoning'inia, unaokaa vizuri chini ya helmeti.
- Uzito wako wa kweli kwa kilo. Utaulizwa, na usipoulizwa, hiyo ni dalili mbaya.
- Chanjo ya pepopunda, pamoja na uhakika kwamba bima yako ya afya inagharimia majeraha ya michezo.
- Daftari na kalamu.

Usinunue tandiko, hatamu wala mjeledi kwa sasa.

Hatua ya 1: Amua unachotafuta, kisha pima safari

Matembezi ya ufukweni si masomo. Wanaokodisha farasi pwani wanaweza kuwa na wanyama wazuri na watunzaji waaminifu, lakini kwenye matembezi farasi hufuata mkia wa mwenzake, nawe huwa abiria. Ukitaka kujifunza, tafuta mahali penye uwanja uliozungushiwa uzio, wenye ardhi tambarare isiyo ngumu kama lami wala mchanga wa kuzamisha kwato, na mwalimu anayebaki uwanjani muda wote wa somo.

Baada ya hapo pima safari siku ile ile na saa ile ile utakayokuwa unakwenda. Kigamboni inaonekana karibu kwenye ramani, lakini foleni ya feri ya Magogoni huwa na mambo yake, na kuzunguka kwa Daraja la Nyerere ni safari nyingine. Vivyo hivyo Bunju, ambayo Jumapili alfajiri ni karibu na Ijumaa jioni ni mbali sana. Nimeona wanafunzi wengi wakiacha kwa sababu ya barabara kuliko kwa sababu ya kuanguka.

Hatua ya 2: Fika saa ya kulisha

Piga simu useme ungependa kuona mahali bila kupanda siku hiyo, kisha uombe kufika asubuhi kati ya saa 12 na saa 1, au jioni kuanzia saa 10. Hizo ndizo saa ambazo farasi hulishwa na kusafishwa, na mambo mengi huonekana bila kuulizwa. Kituo kinachokubali wageni saa za masomo pekee, farasi wakiwa wamekwisha kusuguliwa na kutandikwa, kina haki ya kufanya hivyo, ila nawe una haki ya kujiuliza kwa nini.

Ukifika, waamkie watunzaji kabla ya kumwendea mwenye mali. Mtunzaji mzee aliyepewa shikamoo yake na kuulizwa farasi huyu anaitwa nani na ana tabia gani, atakueleza zaidi ya karatasi yoyote ya matangazo. Asipowajua farasi kwa majina, au akionekana kila wiki ni mtu mpya, andika hilo kwenye daftari.

Hatua ya 3: Mkague farasi mwenyewe

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo ninayokuomba uipe muda mrefu kuliko zote. Omba ruhusa, mwendee farasi kwa upande wa bega ukizungumza ili asishtuke, na usisimame kamwe moja kwa moja nyuma yake.

Anza na mwili kwa ujumla. Mbavu za farasi mwenye afya hazionekani kwa macho, ila huhisiwa kirahisi ukipitisha vidole juu yake. Mbavu na mifupa ya nyonga ikionekana toka mbali, ama halishwi vya kutosha, ama meno yake hayajaangaliwa, ama ni mgonjwa. Na farasi aliyenona kupita kiasi, mwenye shingo ngumu ya mafuta, naye hana heri, kwa sababu unene wa namna hiyo huambatana na ugonjwa wa kwato unaoweza kumlemaza.

Tazama mgongo. Nenda taratibu na vidole kutoka kwenye mwinuko wa mabega hadi kiunoni, ukibonyeza kidogo: farasi anayeinama, anayelaza masikio nyuma au anayegeuka kutaka kuuma anakuambia kwamba tandiko linamuumiza. Mabaka ya nywele nyeupe mahali tandiko linapokaa, kwa farasi wa rangi ya kahawia au nyeusi, mara nyingi ni makovu ya shinikizo la zamani. Baka moja laweza kuwa ni historia aliyokuja nayo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, lakini mabaka kwa farasi wanne kati ya sita ni tabia ya kituo. Angalia pia mahali ukanda wa tumbo unapopita, na pembe za mdomo panapokaa lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu. Vidonda vibichi hapo maana yake ni kwamba jana aliyepanda alijishikilia kwa hatamu na hakuna aliyemkataza.

Omba mtunzaji akuinulie mguu. Ukwato mzuri hauna nyufa ndefu, na sehemu yake ya chini hainuki. Harufu ya uozo na utomvu mweusi katikati ya ukwato huonyesha kwamba farasi anasimama kwenye unyevu, jambo la kawaida wakati wa masika, lakini kituo makini hukwangua kwato kila siku na kukausha banda. Uliza fundi wa kwato alifika lini mara ya mwisho; kwato zinapaswa kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 8.

Mwisho, hesabu pumzi. Farasi aliyetulia kivulini hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na ukitazama ubavu wake utaweza kuhesabu bila kumgusa. Joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi, huwafanya baadhi ya farasi wapoteze uwezo wa kutoa jasho. Farasi wa namna hiyo hurudi kutoka uwanjani ngozi ikiwa kavu huku akihema kama mfua chuma, na kumpanda jua likiwa kali ni kumtia hatarini pamoja nawe uliye mgongoni.

Hatua ya 4: Angalia chakula, maji na banda

Farasi wa kilo 400 anahitaji kati ya kilo 6 na 8 za nyasi kavu kwa siku kama hana malisho, kwa hiyo uliza marobota yanahifadhiwa wapi na uyanuse. Nyasi nzuri hunukia. Zenye ukungu hutoa vumbi na harufu ya ghala lililofungwa. Kuhusu mahindi sitapunguza ukali wa maneno: mahindi yenye ukungu huharibu ubongo wa farasi na kumuua, na akiba ya chakula iliyoachwa kwenye gunia sakafuni wakati wa mvua ni sababu tosha ya kuondoka. Pumba nazo si mlo kamili, kwani zikilishwa kwa wingi peke yake huvuruga uwiano wa madini na kudhoofisha mifupa.

Maji yanapaswa kuwepo muda wote, si kwa zamu. Farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na zaidi wakati wa joto, maana yake ni ndoo mbili au tatu za lita 20 kwa kila mmoja. Muulize mwenye kituo hufanya nini maji ya bomba yanapokatika, kwa sababu yatakatika.

Ardhi ya pwani yetu ni mchanga, na farasi anayekula chini humeza mchanga unaojikusanya tumboni na kumletea msokoto. Ukiona wanalishwa kwenye hori au juu ya mkeka wa mpira, mwenye kituo anaijua kazi. Kipimo chake ni rahisi: kinyesi kibichi hukorogwa na maji kwenye chupa angavu na kuachwa kitulie, na mchanga huonekana chini. Ndani ya banda, maranda yawe makavu, na macho yako yasiwashwe na harufu ya mkojo.

Hatua ya 5: Uliza maswali ya afya

Maswali manne yanatosha, nayo yaulizwe kwa upole, kwa sababu hukuja kufanya upelelezi.

Daktari wa mifugo ni nani, na je, amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania kama Sheria ya Veterinari Namba 16 ya 2003 inavyotaka? Farasi wamechanjwa lini dhidi ya pepopunda na dhidi ya maradhi ya farasi ya Afrika? Dawa ya minyoo na usafi wa meno hufuatiliwa kwenye kitabu gani? Na kupe na mbung'o hudhibitiwa vipi?

Maradhi ya farasi ya Afrika yana umuhimu kwenye ratiba yako pia. Huenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma zaidi kuanzia jua linapozama hadi alfajiri, na aina inayoshambulia mapafu huua karibu kila farasi inayempata. Ndiyo maana kituo makini huwaingiza farasi bandani kabla ya magharibi. Hapa jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo somo linaloanza saa 12 jioni kwa sababu wewe umechelewa kutoka ofisini Posta si huduma nzuri kwa mteja.

Hatua ya 6: Tazama somo la mtu mwingine hadi mwisho

Kaa pembeni ya uwanja, simu mfukoni, utazame dakika zote. Mwalimu mzuri hukagua ukanda wa tumbo kabla mwanafunzi hajapanda, na hukagua tena baada ya dakika chache. Mwanafunzi mpya hupanda kutoka kwenye ngazi ndogo, si kwa kuning'inia ubavuni na kulivuta tandiko. Kwa wageni kabisa, farasi hushikwa kwa kamba ndefu na mwalimu, ili mwanafunzi ajifunze kukaa kabla ya kupewa hatamu. Mwanafunzi hatoki kwenye kutembea na kuingia mchakamchaka mpaka awe ametulia, na shoti si jambo la wiki ya kwanza hata akiwa jasiri kiasi gani.

Baada ya somo, tazama kinachofuata. Farasi atembezwe mpaka pumzi itulie, amwagiwe maji, apewe kivuli. Akivuliwa tandiko la mwanafunzi mmoja na kutandikiwa wa pili papo hapo, uliza anafanya saa ngapi kwa siku na anapumzika siku gani. Kwa hali yetu ya hewa, mimi siridhiki na farasi wa masomo anayefanya zaidi ya saa mbili au tatu, tena nyepesi, au asiye na siku nzima ya mapumziko katika wiki.

Angalizo: mwalimu anayepiga kelele na kumchapa farasi mbele ya wageni hatakuwa mpole zaidi utakapokuwa umekwisha kulipa.

Hatua ya 7: Chukua somo moja la majaribio

Lipia somo moja tu, la nusu saa, asubuhi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa farasi wa kilo 400 hiyo ni kilo 80 kwa jumla, na tandiko peke yake laweza kufika kilo 8 au 10. Mtu mzima mwenye kilo 95 anayepewa farasi mdogo kwa kuwa “huyu ana nguvu” anapaswa kukataa, na kituo kisicho na farasi wa kumfaa kinapaswa kumwambia hivyo waziwazi.

Watoto wengi huweza kuongozwa kwa kamba wakiwa na miaka 5 au 6, lakini kinachotazamwa zaidi ni kama mtoto anaweza kukaa wima na kufuata maelekezo kwa dakika 20.

Hatua ya 8: Lipia kidogo kidogo

Vifurushi vya masomo 20 vina punguzo linalovutia. Anza na masomo manne au matano, ulipe kwa njia inayoacha kumbukumbu, udai risiti, na uulize kwa maandishi kinachotokea mvua ikinyesha, mwalimu akiugua au wewe ukisafiri.

Hatua ya 9: Usikodi farasi mapema

Kukodi kunafaa unapokuwa umemaliza angalau miezi sita ya masomo ya kila wiki na unaweza kumsafisha, kumtandika, kumpanda kwa kila aina ya mwendo na kumsimamisha bila msaada. Kabla ya hapo unalipia gharama za mnyama ambaye bado huwezi kumtumia.

Kuna namna mbili zinazokutana nasi zaidi. Kukodi kikamilifu ni pale unapobeba karibu gharama zote za farasi na kumtumia peke yako. Kukodi nusu ni pale unapogawana siku na mtu mwingine au na kituo chenyewe. Kwa anayeanza, kukodi nusu kwa siku mbili au tatu za wiki kunatosha, mradi siku ziandikwe kwa majina yake, la sivyo Jumamosi yako itageuka kuwa ya wageni wa ufukweni.

Omba majaribio ya wiki mbili kwa farasi yule yule, na umlipe daktari wa mifugo uliyemchagua mwenyewe amkague. Mmuone akitembea na kukimbia mchakamchaka kwenye ardhi ngumu, kwa mstari ulionyooka, akienda na kurudi. Kichwa kinachoinuka na kushuka kwa mpangilio usio sawa ni dalili ya kuchechemea.

Hatua ya 10: Andika mkataba

Miaka michache iliyopita nililipa miezi mitatu kwa ajili ya mpwa wangu, kwa kupeana mikono tu. Wiki ya pili farasi alianza kuchechemea, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na mkataba wake kichwani. Fedha haikurudi, na mpwa wangu akawa anakwenda kumpa farasi karoti.

Mkataba uwe na jina na maelezo ya farasi pamoja na picha za pande zote mbili siku ya kuanza. Siku na saa zako. Nani analipia nyasi, kwato, chanjo na matibabu ya dharura, na hadi kiasi gani bila kuulizwa. Nani mwingine anaruhusiwa kumpanda. Kama unaweza kumtoa nje ya uwanja, kuruka vizuizi au kumpeleka baharini. Kinachotokea kwa malipo farasi akiumia au kufa. Na taarifa ya siku ngapi kabla ya kuvunja. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kusaini mkataba huu, kwa hiyo mzazi ndiye anayesaini na ndiye anayewajibika. Ukiambiwa utie saini karatasi inayosema kituo hakihusiki na lolote kabisa, mpe wakili aisome kwanza.

Mambo yakienda kombo

Farasi uliyepewa leo anachechemea. Shuka, mjulishe mwalimu, usikubali kuambiwa “atapata joto ataacha”. Omba farasi mwingine au tarehe nyingine.

Kila wiki unapewa farasi tofauti. Katika miezi miwili ya kwanza ni vizuri kubaki na mmoja au wawili. Mabadiliko yasiyoisha huwa yanatokana na wanyama kuchoka au kuuzwa. Uliza ni lipi kati ya hayo.

Huendelei. Mwambie mwalimu akurudishe kwenye kamba ndefu kwa masomo mawili bila vikuku. Inaumiza mapaja, inaumiza na majivuno, lakini hurekebisha mkao haraka kuliko kuongeza mwendo.

Umeanguka. Usilazimishwe kupanda tena papo hapo ili “hofu isikae”. Kama kichwa kiligonga chini, kama una kichefuchefu, usingizi au maumivu ya shingo, unakwenda hospitali, na helmeti hiyo haitumiki tena. Uliza mapema, siku ya Hatua ya 2, kama kuna sanduku la huduma ya kwanza na gari linaloweza kukutoa hapo mvua ikiwa imeharibu barabara.

Farasi anajigaragaza, anatazama ubavu wake na hataki kula. Huenda ni msokoto wa tumbo. Mwondolee chakula, mjulishe mtunzaji na daktari wa mifugo aitwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama mwenye kituo hapokei simu. Hapo ndipo kile kipengele cha matibabu ya dharura kinapoanza kufanya kazi.

Unaona mnyama anateswa. Zungumza kwanza na mwenye kituo, mkiwa wawili. Asiposikia, Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya 2008 inawahusu farasi kama inavyowahusu ng'ombe na punda, na ofisi ya mifugo ya halmashauri yako ndiyo mahali pa kuanzia, ukiwa na tarehe, picha na maelezo mafupi yasiyo na matusi.

Umeamua kuhama kituo. Toa taarifa kwa maandishi, maliza unachodaiwa, chukua kumbukumbu za masomo yako, na uende kuwaaga watunzaji. Dar es Salaam ni kubwa, lakini watu wa farasi ni wachache, na kijana aliyekuwa akikushikia kamba Mbweni utamkuta mwakani Kigamboni.